Meno ya Mzee, kutoka Mtinko hadi Itigi

Siku namba zilipoanza kusogea tena, tuliokuwepo uani kwa Mzee Shabani pale Itigi ni hawa: Mzee Shabani mwenyewe, fundi mstaafu wa reli, mkewe, Mama Zuhura, mikono ikiwa bado na unga, Bi Tausi, mkandaji wa viungo, aliyeitwa kwa kazi ambayo haikuwepo, Hamisi, dereva wa lori, aliyebebeshwa lawama zote, mdogo wangu Anjelina, aliyekuwa ndani ya gari akisoma namba kwa sauti, na mimi, Elia. Wa saba alikuwa Mzee, na ndiye aliyekuwa na meno mapya.

Nawataja mapema kwa sababu tangu nirudi mmeniuliza sana habari za safari ile, na kila ninapoisimulia kwa mdomo namsahau mmoja. Sitaki kumsahau hata mmoja.

Kwa msiomjua, Mzee ni pikapu la Baba. Jina alilipa mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa kuukuu tangu siku alipolinunua. Nyumbani tulizoea kusema Mzee amekunywa maji, Mzee amegoma, Mzee analala kwenye jua leo. Mama alitangulia kufariki, mwaka uliofuata akafuata Baba, na sisi wanne tukabaki na Mzee: mimi niliyeachia shule darasa la tano, Anjelina, Petro, na Tabu ambaye ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni.

Spidimita ya Mzee ilikufa Baba akiwa njiani kurudi kutoka mjini, mara yake ya mwisho kuendesha. Mshale ulilala kwenye sifuri na namba za maili zikasimama: arobaini na nane elfu, mia sita na kumi na tatu. Tabu aliziita namba za Baba. Kila asubuhi alipanda ndani akazifuta vumbi kwa kidole.

Mkaguzi wa magari mjini hakuwa na habari hizo. Aliona mshale uliokufa, akasikia shafti ikigonga, akaona oili ikidondoka. Akanipa mpaka Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nikishindwa, vibao vya namba za gari vingeng'olewa.

Na hapo ndipo palipokuwa na roho yetu. Kijiji chetu kipya kilitaka gari la kuwapeleka wajawazito na wagonjwa hospitali, na mwenyekiti alikuwa tayari kutupa kazi hiyo tukipata cheti. Ukoo nao ulikuwa umekaa. Baba mdogo Ntandu, ambaye si mtu mbaya, alisema hivi:

"Gari likifanya kazi, mtakula, kaeni pamoja. Lisipofanya, tunaliuza kama chuma, na watoto tunagawana. Petro aje kwangu. Tabu aende kwa shangazi yake Ikungi. Anjelina naye..."

Hakumaliza, maana Anjelina alikuwa anamtazama.

Mtinko hadi Singida mjini

Fundi wa kwetu alilala chini ya gari, akatoka na jibu. Gia ndogo inayozungusha waya wa spidimita ilikuwa imekwisha meno. Na iliisha kwa sababu bushi, ile pete ya shaba inayoshika mkia wa shafti pale inapotoka kwenye giaboksi, ilikuwa imelika mpaka shafti inacheza kama kiuno cha mtu aliye ngomani. Yeye hakuwa na bushi wala gia. Lakini ndani ya kifuniko cha sanduku la spana la Baba kulikuwa na maandishi ya penseli: *Shabani, Itigi. Bushi.*

Jina hilo tulilijua. Baba alikuwa na rafiki yake huko, Mnyiramba, mtani wetu sisi Wanyaturu. Walifanya kazi pamoja zamani, na kila Baba alipotoka kwake alirudi akicheka peke yake. Mimi sikuwahi kumwona.

Kesho yake nilirudi mjini, nikakutana na Hamisi akijaza mafuta kwenye lori lake, anaelekea Itigi. Nikampa ujumbe wa mdomo. Nakumbuka maneno yangu vizuri, maana nimeyajutia na kuyashukuru kwa pamoja: "Mwambie Mzee Shabani, watoto wa rafiki yake wa Mtinko wanasema Mzee meno yamekwisha na kiuno kimelegea. Anaguna njia nzima. Tunamleta kwake Alhamisi amsaidie."

Hamisi alisikitika sana. Nilidhani anapenda magari.

Alhamisi tuliondoka jua likichomoza. Petro na Tabu tuliwaacha kwa jirani, Mama Hadija, aliyetufungia viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Vijana wa kijiji walitusukuma mpaka injini ikawaka. Tabu alishika mlango hataki kuuachia.

"Kaka, mkimtengeneza, namba za Baba zitaondoka?"

"Zitaendelea tu."

"Zikiendelea si za Baba tena."

Nilimbusu kichwani nikatia gia.

Singida hadi Issuna

Mjini hatukusimama, nisije nikaonana na mkaguzi. Baada ya Ikungi barabara ilikuwa na makorongo, na Mzee akaanza kulia kwa sauti nyingine, nzito, ya kugonga sakafu. Mbele kidogo ya Issuna kitu kilianguka chini na giaboksi ikakaa upande. Nikaingia chini. Zile bushi za mpira ambazo giaboksi inakalia, mbili, moja ilikuwa imekatika na nyingine imebaki unga.

Tulikaa pale. Tulikula viazi. Tulikula karanga. Hakuna gari lililopita ila moja lililokuwa linakwenda tunakotoka.

Akatokea mama mmoja mfugaji, fimbo begani, ng'ombe wake wako mbele. Tulimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akasimama akitazama miguu yangu iliyotokeza chini ya gari.

"Huyo amekufa?"

"Hapana, mama," Anjelina akasema. "Ni kaka yangu, anatengeneza."

"Anatengeneza kwa kulala?"

Nilitoka nikamwonyesha kile kipande cha mpira. Nikamweleza kwamba kinakaa kati ya chuma na chuma, ili visigongane. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akakinusa, akanirudishia. Akasema neno kwa Kinyaturu ambalo tafsiri yake ya karibu ni kwamba hata kiti kinahitaji ngozi. Akatuambia tumngoje.

Nilifikiri ameondoka zake. Kumbe alikwenda nyumbani kwake, nyuma ya kichuguu, akarudi na kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe, nene ya shingoni, imelowekwa majini, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Tulikunywa kwanza, alikataa tuanze kazi kabla ya kunywa. Kisha akaikata ngozi kwa kisu chake duara sita sita, tukazipanga kama chapati, akazipaka mafuta ya kondoo, nami nikanyanyua giaboksi kwa jeki nikaziingiza na kukaza nati.

"Zikikauka zitashika kuliko hiyo raba yenu," akasema. "Ila mwende polepole, na mjihadhari na mbwa."

"Mbwa?"

"Gari lenu sasa linanuka nyama."

Alikuwa sahihi. Manyoni nzima mbwa walitufuata.

Geti la mbung'o

Tulilala Manyoni kwa mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha Mtinko, watu wema, walitupa ugali wa uwele na chumba cha mahindi. Asubuhi ya Ijumaa tukashika njia ya Itigi. Kule miti ni mifupi na imesongamana, huoni hatua kumi kando ya barabara, na kila mahali unaona mizinga ya nyuki imetundikwa.

Kwenye geti la mbung'o alitoka bwana mmoja na kineti chake cha kukamatia wale wadudu wasisafiri na magari. Alizunguka gari, akapiga matairi, akaja dirishani.

"Mmekuja kwa mwendo gani? Hapa mwisho ni polepole."

"Sijui, bwana. Mshale umekufa."

Akainama kuutazama, kisha akanitazama mimi. "Mnatoka wapi?"

"Mtinko. Tunakwenda kwa Mzee Shabani, fundi."

Uso wake ukabadilika. Akashusha kineti. "Ninyi ndio mnaomleta Mzee? Mzee Shabani ametuma watu kuuliza hapa mara mbili. Anaendeleaje?"

Nilifurahi kwamba habari imefika. "Jana alitusumbua, tulimfunga ngozi pale Issuna. Kiuno ndiyo tatizo. Ila tukimpa mafuta anatembea."

"Anakula?"

"Anakunywa sana."

"Basi kuna matumaini," yule bwana akasema. Akatazama turubai letu nyuma, chini yake kulikuwa na gunia la mtama na spana, akavua kofia. Hakuchunguza zaidi. Alinyanyua mti wa geti kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepitisha jeneza. Anjelina alisema watu wa Itigi wana heshima kubwa kwa magari.

Itigi

Nyumba ya Mzee Shabani iko ng'ambo ya reli. Tulimkuta amesimama mlangoni, kanzu safi na koti juu yake. Uani walikuwa wametoa kitanda cha kamba na godoro, na mto wenye foronya iliyotariziwa. Pembeni alikaa Bi Tausi na chupa ya mafuta ya nyonyo.

Tukashuka, tukaamkia. Mzee Shabani aliitika marahaba huku macho yake yako kwenye gari. Alitazama kiti cha mbele. Akaenda nyuma akafunua turubai. Akatazama gunia.

"Mmemlaza wapi?"

"Nani, mzee?"

"Mgonjwa! Mnyaturu wangu. Si mmetuma habari, Mzee meno yamekwisha na kiuno kimelegea?"

Anjelina ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mzee ni gari, babu. Nyumbani tunaliita Mzee."

Pale nilielewa yote mawili kwa mara moja: alichokisikia yeye, na kile ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nilikuwa nimedhani anajua. Sote tulidhani mtu mwingine amempelekea habari.

"Na mwenye gari?" akauliza.

"Baba alifariki, mzee. Mwaka jana, wakati wa kupalilia."

Alikaa kwenye ubao wa kukanyagia wa gari, na kanzu yake nyeupe ikashika grisi. Mama Zuhura alipiga ukelele ndani. Sisi tulisimama. Treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba, behewa baada ya behewa, mpaka ikaisha.

"Mwizi," Mzee Shabani akasema. "Mnyaturu mwizi, mla panya. Amekufa bila ruhusa yangu. Nani alimwambia afe?" Na machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kwenye ndevu.

Msiojua utani mngeweza kukasirika. Mimi nilishukuru. Kwenye mazishi ya Baba watu walisema maneno mazuri tu, na hakuna neno lililonifikia kama lile.

Kisha tukala, maana chakula kilikuwa tayari. Mama Zuhura alikuwa amepika kwa ajili ya mtu asiye na meno: uji wa ulezi, mlenda, na kuku aliyechemshwa mpaka mifupa ikajitenga yenyewe. Tulikula vyote bila kutafuna. Bi Tausi aliuliza sasa kiuno kilicholegea ni cha nani, Anjelina akanyoosha kidole kwenye gari. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniita nikae chini, akanikanda mabega, akasema mafuta yakishamiminwa hayarudi chupani.

Mzee Shabani alikwenda msikitini, ilikuwa Ijumaa. Aliporudi aliniambia amemwombea Baba dua. "Najua alikuwa Mlutheri. Sijamwambia Mungu hilo, labda hatagundua." Akavua kanzu, akavaa ovaroli, akaingia chini ya Mzee.

Hamisi alipita jioni ileile, na hakupewa hata kiti.

"Hamisi! Ulisema anaguna!"

"Nilisema nilivyoambiwa, mzee."

"Ulisema anakunywa uji tu, na anataja jina langu usingizini!"

"Uji niliongeza mimi," Hamisi akakiri. "Mtu hana meno, niseme anatafuna mahindi? Na hilo la usingizini niliongeza kwa heshima yako."

Mzee Shabani alimtupia tambara la grisi. Kisha akamwambia achukue spana, na Hamisi akabaki nasi mpaka kesho yake, lori lake limesimama barabarani.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi, ingawa ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Tulishusha propela, ile shafti ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma, tukafungua mkia wa giaboksi, na ile bushi ikatoka kwa kidole, imelika upande mmoja mpaka nyembamba kama ganda la yai. Nilitaka gia iwekwe kwanza, kwa kuwa mkaguzi alitaka kuona mshale. Mzee Shabani alikataa.

"Ukipachika jino jipya kwenye ufizi uliooza, utakula nalo siku ngapi? Bushi ndiyo ufizi. Tuanze na ufizi."

Ana mashine ya kuchonga chuma aliyoitengeneza mwenyewe kwa miguu ya cherehani. Alichukua kipande cha shaba kutoka kwenye pampu ya maji iliyokufa, mimi nikakanyaga, yeye akachonga. Jumamosi asubuhi nzima nilikanyaga. Kila alipoijaribu kwenye shafti alisema bado, akaiondoa, akapunguza tena kiasi cha unywele. Niliacha shule mapema, lakini asubuhi ile nilisoma. Mara ya mwisho aliisukuma kwa kiganja, ikaingia kwa kujivuta, na shafti ilipozungushwa haikucheza hata kidogo.

Zile ngozi za Issuna alizitazama kwa tochi, akazigonga kwa bisibisi. "Nani alifunga hizi?"

Nikamweleza.

"Zisitolewe. Huyo mama ni fundi kuliko sisi."

Ikabaki gia. Nilikuwa nimeogopa kuiulizia, maana shaba inachongeka lakini gia ile ina meno madogo ya mshazari. Mzee Shabani aliingia ndani akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake, kwenye kitambaa kilicholoa grisi, ilikuwa gia.

"Baba yako aliniagiza, alisema ile ya zamani meno yanaelekea kwisha. Niliitoa kwenye gari lililokufa Tabora. Nikasema atakuja kuichukua mwenyewe, Mnyaturu haachi kitu cha bure." Aliifuta kwa kidole gumba. "Imemngoja."

Aliiingiza mwenyewe. Hakunipa mimi, wala sikuomba.

Magurudumu ya nyuma yalikuwa hewani, ekseli juu ya magogo. Hamisi akawasha injini, Anjelina akakaa ndani kutazama, mimi nikawa nimelala chini nikisikiliza. Gia ikaingia. Magurudumu yakazunguka bila kwenda popote. Hakukuwa na mlio wowote wa kugonga, wala tone la oili.

"Mshale umeamka!" Anjelina akapiga kelele. "Ishirini! Ishirini na tano!" Halafu akakisogelea kioo. "Kaka, namba ya mwisho inasogea. Tatu inaondoka. Nusu tatu, nusu nne. Nne. Ni nne."

Nilibaki chini ya gari zaidi ya ilivyohitajika.

Ndivyo tulivyoipata maili ya kwanza baada ya Baba, tukiwa tumesimama mahali pamoja. Mzee Shabani alizima injini. Nilipotoka nikamuuliza nimpe nini. Nilikuwa na lile gunia la mtama, na nilikuwa tayari kuacha na saa ya Baba. Akasukuma mkono wangu.

"Mtama wenu kaleni. Ile maili moja imetembea uani kwangu, kwa hiyo ni yangu, nami nakukopesha. Utanilipa maili. Njoo unichukue kwa gari hili, unipeleke kwenye kaburi lake. Mtani hajamzika mtani kama hajamtukana pale pale. Nitamtukana mpaka nichoke, kisha nitachukua kofia yake, ndiyo haki yangu. Kofia ipo?"

"Ipo, mzee. Iko msumarini."

"Asiivae mtu."

Kurudi

Jumapili tulirudi. Mama Zuhura alitupa asali kwenye chupa mbili. Moja niliiacha Issuna, kwa mama wa ngozi. Aliuliza kwanza kama mbwa walitufuata.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa mkaguzi kabla hajafungua ofisi. Alilala chini ya Mzee kwa muda mrefu.

"Gari hili lina manyoya."

"Ni ngozi ya ng'ombe, bwana."

Akaishika, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Akatoka, akajipangusa vumbi, akapanda ndani, tukaenda naye mpaka kwenye ziwa lililo kando ya mji na kurudi, jicho lake kwenye mshale. "Kitabu changu hakisemi lolote kuhusu ng'ombe," akasema mwishowe, na akaandika cheti.

Baba mdogo Ntandu alikisoma mara mbili. Akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Basi." Tangu siku ile hakuna aliyetaja tena kugawana watoto. Tumeshapeleka akina mama wanne hospitali, na mmoja alijifungua kabla hatujafika mjini, wote wawili wazima.

Tabu alipanda ndani jioni tuliyorudi. Nilimwogopa. Alizitazama namba mpya, midomo ikihesabu, kisha akaniuliza ya Baba iliishia wapi. Nikamtajia. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Baba alifika pale," akasema. "Halafu sisi tukampokea."

Mvua zilianza wiki ileile, na daraja moja upande wa Manyoni likachukuliwa na maji. Nimetuma habari kwa Mzee Shabani, safari hii kwa barua, na nimeandika kila neno waziwazi. Amejibu kwamba anangoja, na kwamba matusi yanaongezeka.

Kwa sasa mvua zinapungua. Ninapotoka asubuhi naipita kofia ya Baba kwenye msumari wake, imeshika vumbi kidogo ukingoni. Petro aliwahi kutaka kuijaribu, nikamzuia. Siyo yetu.